Uchambuzi wa kisa: hoteli ya kifahari, bahari iliyokauka, na Bi Mkubwa aliyetaka kulala tu

Hiki kisa ni cha familia niliyoisaidia katikati ya safari yao, mi kazi yangu ni gari na kupangia watu matembezi hapa Unguja. Jina la hoteli sitaji, kijiji sitaji, majina ya watu nimeyatoa na vitu viwili vitatu nimevigeuza ili wasijulikane. Wenyewe wameniambia andika tu, labda atafaidika mwengine kabla hajalipa.

## Usuli

Familia inaishi Dar, mama yao ni mtu wa Pemba. Watoto ni watatu wote watu wazima, nitawaita Dada (mkubwa, ndo mwenye kazi nzuri), Kaka, na Mdogo ambaye ni binti. Mama ni Bi Mkubwa, umri sitini na kitu, mjane, goti la kulia linamsumbua. Watoto wakafungua grupu la WhatsApp wakachanga pesa wamfanyie sapraizi, siku nne hoteli ya nyota tano ufukweni, Bi Mkubwa asijue kitu mpaka siku ya safari. Alichoambiwa ni kwamba wanakwenda Unguja kwenye harusi.

Hoteli aliichagua Dada, na aliichagua kwa picha. Picha zenyewe nimeziona, kweli zinatisha kwa uzuri, maji ya buluu yamefika mpaka kwenye ngazi za mgahawa, minazi imeinama, kitanda chenye pazia jeupe kinatazama bahari. Ni pwani ya mashariki. Tarehe zikapangwa kufuata likizo ya Dada, mwezi wa saba, kusi linavuma na ndo msimu wa bei juu, wageni wa Ulaya wamejaa. Akabuku kwenye tovuti ya nje kwa dola, ile bei ya punguzo ambayo ukishalipa hairudi, vyumba viwili ghorofa ya pili kwa sababu vya juu ndo vina mandhari, hafu bodi. Hafu bodi yeye aliielewa kwamba ni chakula. Sawa ni chakula, ila ni cha asubuhi na cha usiku, mchana unajitegemea na vinywaji unalipia, hata maji ya kunywa mezani.

Hakuna aliyepiga simu hotelini. Yani pesa zote zile na hakuna aliyepiga simu hata moja.

## Mambo yalivyokwenda

Siku ya kwanza walikuja na boti ya asubuhi kutoka Dar. Kusi likivuma mkondo ule si mchezo, Bi Mkubwa alitapika nusu ya safari, akafika Malindi, bandari ya hapa mjini Unguja, hana nguvu na kaambiwa pale pale bandarini kwamba hakuna harusi, anakwenda kupumzika hotelini. Akasema alhamdulillahi, lakini Mdogo anasema uso wake haukuonesha furaha waliyoitegemea. Wakakodi gari, wakapita msitu wa Jozani, wakasimama kidogo Kaka apige picha kima punju, wakafika hotelini kwenye saa tisa na nusu alasiri.

Na hapa ndo pakawa na mtego, kwa sababu walipofika bahari ilikuwa imejaa vilevile kama kwenye picha. Maji yanapiga ukuta wa mgahawa, buluu mpaka unashangaa. Wakapewa madafu ya kuwakaribisha, wakajaza fomu, mabegi yakapanda juu, mpaka wanamaliza kuswali na kubadilisha nguo magharibi inaingia. Wakasema basi, kesho asubuhi wote baharini.

Kesho yake wakala chai taratibu, wakatoka na mataulo saa nne. Bahari hamna. Kutoka kwenye ngazi mpaka unapoona povu la mawimbi pale kwenye mwamba ni mchanga mtupu, vidimbwi, majani, vijiti vya mwani vimepangwa safu safu na akina mama wameinama wanafunga mwani wao. Hata madau yamelala ubavu. Dada akaenda mbio risepsheni, akauliza kwa hasira bahari iko wapi, kijana wa risepsheni akamjibu kwa adabu kabisa, "Maji yatarudi dada, yamekupwa tu." Jibu sahihi, lakini kwa mtu aliyelipa dola kwa ajili ya picha ile lilikuwa kama kumwagiwa maji ya moto.

Baada ya hapo vikafuatana. Kaka akasema yeye anayafuata maji huko huko yaliko, akatoka peku, hakufika mbali akakanyaga vile vidude vyeusi vya miba mirefu vinavyokaa kwenye vidimbwi, akarudi anachechemea. Mtunza bustani akamletea papai bichi akampaka utomvu kwenye miba, ndo dawa ya huku, akamkalisha kivulini. Mdogo akaona bora bwawa la hoteli, akaingia na leggings na dera lake, mlinzi wa bwawa akamwambia atoke, nguo za pamba haziruhusiwi, mpaka nguo maalumu ya kuogelea. Angekuwa na ile ya stara ya kufunika mwili mzima wala asingeguswa, lakini hakuwa nayo. Wazungu wanaangalia, yeye analia.

Bi Mkubwa yeye bahari haikumshughulisha kabisa. Shida yake ilikuwa nyingine na ilianza chai ya asubuhi: kwenye bafe, pale wanapokaangia mayai, aliona nyama ya nguruwe kwenye kikaango cha jirani na kile cha omleti. Hakusema kitu. Akachukua ndizi na mkate mkavu akala. Usiku wa kwanza pia alikuwa amekula wali mweupe na kachumbari tu, watoto wakadhani ni uchovu wa boti. Na zile ngazi za ghorofa ya pili zilimfanya ashuke mara moja na kupanda mara moja kwa siku, basi.

Mchana bili ya kwanza ikaja. Sahani nne, soda, maji makubwa mawili, juisi ya Mdogo, na juu yake huduma na kodi. Kaka, mguu unamuuma, akachukua simu akarekodi video ya malalamiko, akaitaja hoteli kwa jina akaitupia mtandaoni. Ndani ya saa moja meneja wa zamu alikuwa keshaiona.

## Simu, na maamuzi

Mi nilipigiwa alasiri ile. Dada alipewa namba yangu na dereva aliyewaleta. Alichotaka ni kitu kimoja, "Kaka nitafutie hoteli Nungwi usiku huu huu, hapa tumetapeliwa." Nikamwambia nakuja tukae tuongee kwanza, kuhama ni rahisi kusema.

Tukahesabu. Pesa ya hapa hairudi, mkataba ndo ulivyo na aliubofya mwenyewe. Nungwi kule kaskazini ya kisiwa mwezi wa saba, vyumba viwili vya hadhi ile usiku ule ule, kama vipo, bei yake ingewamaliza. Na ni safari ya karibu saa mbili kwenye gari na Bi Mkubwa ndo kwanza goti limetulia. Upande wa pili Nungwi ina ukweli wake, kule na Kendwa jirani yake ufukwe unateremka haraka, maji yakitoka hayaendi mbali, unaogelea karibu saa yoyote. Kwa hiyo Dada hakuwa anaropoka, alichotaka kipo, ila hakipo pwani aliyolipia.

Nikamuuliza Bi Mkubwa, mama wewe unataka nini? Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akasema, "Mwanangu mimi nataka kulala, nisipande ngazi, na nipate samaki na wali nijue kapika nani." Bahari ameizoea, kakulia Wete huko Pemba.

Hilo ndo lililoamua. Wakakubaliana kubaki, na tukagawa kazi mbili: moja ni kupanga siku zilizobaki kufuata maji, ya pili ni kuongea na hoteli kwa vitu ambavyo hoteli inaweza kuvitoa bila kuumia. Kabla ya hapo nilimwomba Kaka aifute ile video. Alikataa, Dada akamkalia kooni, akafuta.

Kwa hoteli hatukudai pesa. Tuliomba Bi Mkubwa ashushwe chumba cha chini upande wa bustani, ambacho ni bei ndogo kuliko kile cha juu, na ile tofauti wasiirudishe kama pesa bali wampe mama chakula cha mchana siku zilizobaki. Meneja alikuwa amenuna kwa sababu ya video, akazunguka zunguka, mwisho akakubali chumba na chakula, akakataa ombi la kuchelewa kutoka siku ya mwisho. Kuhusu nguruwe nikaomba kuongea na mpishi mwenyewe. Kijana wa shamba huku huku Unguja, alipoelezwa akacheka akasema mbona hawakusema, jikoni vifaa vya nguruwe vina sehemu yake na kile kikaango kimewekwa pale kimakosa, na kwamba chakula cha wafanyakazi kinapikwa kila siku, wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha. Kuanzia usiku ule Bi Mkubwa alikuwa anapikiwa sahani yake, samaki wa kupaka siku moja, boko boko siku nyingine. Haikuongezwa hata senti kwenye bili, ni chakula cha usiku alichokwishalipia.

## Ratiba ya maji

Hapa nakaa kidogo maana ndo roho ya kisa. Siku waliyofika ilikuwa mwezi 14 kwa kalenda ya Kiislamu, yani mwezi mpevu, bamvua. Wakati wa bamvua maji ya huku yanapanda na kushuka karibu mita 4, na kwenye pwani ya mashariki ambako chini ni tambarare mpaka kwenye mwamba, maji yakishuka hivyo yanakimbia kilomita na zaidi sehemu nyingine. Sasa bamvua hapa ina saa zake: maji yanajaa kwenye saa kumi, kumi na moja, alfajiri na jioni, na yanakupwa kabisa kwenye saa nne, tano, asubuhi na usiku. Kila siku yanasogea mbele dakika kama arobaini mpaka hamsini. Kwa hiyo mtu anayefika bamvua saa tisa na nusu mchana ataona bahari imejaa, na akiamka akatoka saa nne baada ya chai ataona jangwa. Haikuwa bahati mbaya, ni hesabu.

Tukapanga hivi. Siku ya tatu, mwezi 16, maji yanajaa kwenye saa kumi na moja na kitu alfajiri, kwa hiyo wakishaswali na kukikucha wana maji mazuri mpaka kwenye saa mbili, halafu chai, halafu jioni tena kuanzia saa kumi mpaka magharibi. Ule muda wa maji kupwa ndo wa kutembea: viatu vya mpira miguuni, mwenyeji wa kijijini mbele, wakaenda mpaka kwenye mwani. Kilimo cha mwani pwani hii kilianza 1989 na mpaka leo kazi kubwa ni ya kina mama, na siku zao za kazi ni hizi hizi za bamvua maana maji ndo yanatoka mbali wakafika kwenye mashamba. Nikawaambia watoto wazi, msikanyage kamba za watu, na picha mpaka uombe. Mdogo aliishia kukaa na kina mama wale muda mrefu akijifunza kufunga, na akanunua sabuni ya mwani.

Siku ya nne asubuhi Kaka mguu umepoa, wakapanda ngalawa na mvuvi wa pale kwenda kuzamia na miwani karibu na mwamba. Mchana walikula kijijini, mgahawa wa bati na meza nne, pweza wa nazi, kwa pesa ambayo hotelini isingelipia hata vinywaji.

## Matokeo

Walikaa siku zote nne. Bi Mkubwa alilala, alikula, na jioni ya siku ya tatu aliingia baharini na dera lake mpaka kiunoni, huko hakuna wa kumwambia toka. Alipoulizwa na Dada kama amefurahi akasema amefurahi sana, ila mara nyingine wampe hizo pesa amalizie choo cha nyumba ya Wete. Dada hakupenda. Mi nilicheka.

Bili ya ziada ilikuwa karibu theluthi ya pesa waliyolipia vyumba, na nyingi ni ya ile siku moja na nusu ya mwanzo. Dada hadi leo anaamini alidanganywa na picha. Meneja naye sidhani kama aliwahi kumsamehe Kaka.

## Nini kilifaa, nini kiliharibu

Kuhusu picha, mi siko upande wa Dada moja kwa moja. Picha ile ni ya kweli, jioni ya bamvua ndo panavyoonekana. Lakini hoteli inayouza picha ya saa kumi jioni bila kusema saa nne asubuhi pakoje inajua inachofanya. Na ubao wa saa za maji ulikuwepo, umebandikwa karibu na pale wanapogawa mataulo, kwa Kiingereza, herufi ndogo. Kijana wa risepsheni angewapeleka pale mara moja akawaambia ingieni saa kumi, ile asubuhi ingekwenda vyengine kabisa. "Maji yatarudi" haimsaidii mgeni, "maji yatarudi saa kumi" inamsaidia.

Sapraizi ndo iliyoharibu zaidi kuliko hoteli. Mtu pekee kwenye familia ile ambaye ukimtajia tarehe ya mwezi anakwambia maji yakoje ni huyo huyo aliyefichwa. Na ukimfanyia mtu zawadi ya kupumzika bila kujua yeye anapumzikaje, unamnunulia mapumziko yako. Chumba cha juu chenye mandhari kilikuwa cha Dada, goti la Bi Mkubwa halikushauriwa.

Bei nayo. Hoteli nyingi za hapa zina bei ya mkaazi, na nyingine ya watu wa Afrika Mashariki, unaonesha kitambulisho unapofika. Bei hiyo mara nyingi haipo kwenye zile tovuti za nje, unaipata kwa kupiga simu au kutuma ujumbe hotelini moja kwa moja. Dada alilipa bei ya mgeni kutoka Ulaya akiwa na kitambulisho cha taifa mfukoni. Tuliuliza kama inaweza kubadilishwa, jibu likawa hapana kwa sababu pesa imepita kwa mtu mwingine, na kwa hilo hoteli ilikuwa sahihi. Pale pale kwenye simu ungeuliza na mengine: hafu bodi inajumuisha maji ya kunywa au la, nguruwe anapikwa jikoni humo, bwawani wanaruhusu nguo gani, kuna chumba cha chini. Maswali ya dakika tano. Watu wetu wengi wanaona aibu kuuliza nguruwe kwenye hoteli ya nyota tano wakidhani wataonekana washamba, wakati wapishi wenyewe wengi ni Waislamu na wanalijibu swali hilo kila wiki.

Kilichofaa ni kuomba vitu badala ya pesa. Meneja wa zamu hana mamlaka ya kurudisha dola zilizolipwa kwa tovuti, ukimng'ang'ania hapo anakuwa ukuta. Chumba kilicho wazi anaweza kukupa, chakula anaweza, kufuliwa nguo anaweza. Video ilitugharimu, kile cha kuchelewa kutoka nina hakika tungepewa kama isingekuwepo, chumba cha chini kilikuwa hakina mtu mpaka jioni. Si kwamba mtu asilalamike hadharani, ila kulalamika hadharani saa moja kabla ya kuomba msaada ni kujifungia mlango.

Kitu ambacho hatukuweza kukitatua ni cha Mdogo. Sheria ya nguo za bwawani ina sababu zake, pamba inachafua chujio, hilo naelewa. Lakini kumtoa binti mbele ya watu bila kumpa mbadala, kwenye kisiwa ambacho dera ndo vazi, hapana. Hoteli nyingine wanaweka nguo za stara za kuazima au kuuza pale dukani kwao. Hii haikuwa nazo, na meneja alipoambiwa aliandika kwenye daftari.

Kaka sasa anataka kuja tena mwezi wa kumi na mbili na mkewe, pwani ile ile ya mashariki kwa sababu mke kaona picha. Nimemwambia kama ni mashariki basi atafute siku za maji mafu, mwezi 8 mpaka 10 au 22 mpaka 24 kwa kalenda ya Kiislamu, maji yanakuwa hayatoki mbali na yanajaa mchana mchana kwenye saa nne, tano, hayo ndo ya watu wanaoamka kwa kuchelewa. Kama likizo yake haiingii kwenye siku hizo basi Kendwa. Na apige simu kwanza.